Banda la Hatua Thelathini na Moja

Pasua, Moshi
Jumatatu, 13 Mei 2024

Mzee Ebenezeri Munisi, shikamoo.

Hunijui nami sikujui, ila sote tunamjua Salvina, jirani yako wa huko Machame anayeshusha ndizi hapa soko la Pasua kila Jumanne na Ijumaa. Ndiye aliyeniambia kwamba masikio yako yamefunga, kwamba simu kwako ni kitu cha wajukuu, na kwamba mtu mwenye neno la maana na wewe aliandike. Basi naandika. Nisamehe mwandiko, barua ya mwisho niliandika nikiwa sekondari.

Shida yangu ni banda. Watu wa mtaro wa maji ya mvua wamepita uani kwetu na rangi nyekundu, wameliwekea banda letu alama ya X, na wametupa mpaka tarehe mosi Julai liwe limeondoka. Ni banda la mbao za mgrivelia, bati juu, urefu mita tatu na upana mbili na nusu. Alilijenga marehemu baba yangu, Abdulkarim, mwaka 1998. Ndani ni karakana ya baiskeli na fundi wake ni mama yangu, Bi Adija. Hata leo, rimu ikipinda Pasua hii, watu husema mpelekee Bi Adija.

Nataka lihamishwe zima, bila kung'oa hata msumari, lipande kufuata ukuta uleule hadi sehemu ya juu ya kiwanja. Mafundi watatu wa hapa wamenicheka. Mmoja alikuwa ameshapanda juu kuanza kutoa bati, nikamshusha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mtu mzima. Salvina anasema wewe ulihamisha stoo ya kahawa ya baba yake na magunia yakiwa ndani, na paka amelala juu ya magunia. Kama ni kweli, tafadhali njoo.

Wako,
Shamsia Abdulkarim


Machame
Alhamisi, 16 Mei 2024

Mwanangu Shamsia, marahaba.

Paka ni chumvi ya Salvina. Magunia yalikuwa manne, tena matupu.

Kazi hiyo nimeiacha, magoti hayanitaki tena. Na hata ningekuwa na magoti ya kijana, ningekushauri ulibomoe. Chukua chaki, andika namba kwenye kila ubao, kuta zote nne, kisha litoe ubao kwa ubao na lijengwe upya huko juu kwa namba zilezile. Ndiyo njia salama. Mbao hazina kinyongo, ukizirudisha mahali pake zinakaa. Kuhamisha banda zima ni mambo ya kujionyesha, na watu huumia.

Msalimie mama yako. Mwanamke anayenyoosha rimu sijapata kumwona, na ningependa.

Ebenezeri Munisi


Pasua
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilikasirika pia, lakini nikaona kosa ni langu, maana nimekuficha jambo na wewe umenijibu kwa kile ulichokijua.

Mama haoni. Presha ya macho ilimwanza taratibu, na huu ni mwaka wa sita tangu taa izimike kabisa. Amenikataza kuwaambia wageni, kwa sababu mtu akishajua huacha kuongea naye na huanza kuongea na mimi, "mwambie mama yako hivi, muulize mama yako vile", utadhani ni masikio yaliyokufa. Samahani kwa neno hilo, sikulikusudia kwako.

Kazi anaifanya vilevile. Anazungusha gurudumu, anapitisha kidole, anagonga spoku mojamoja kwa spana ndogo na kusikiliza, iliyolegea ina sauti yake. Nimeona vijana wenye macho mawili wakileta rimu zilizowashinda. Lakini anaweza kwa sababu ya banda lile. Kila spana ina msumari wake na kila msumari una kimo chake. Ubao wa kushoto una kovu ambapo baba aliangusha nyundo. Mama huligusa kwanza, kisha mkono unajua pa kwenda. Kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye komeo la banda ni hatua thelathini na moja, anakwenda peke yake bila fimbo.

Miaka mitatu iliyopita mjomba wangu Khamisi alitaka kumsaidia, akashusha rafu moja kidogo. Rafu moja tu, mzee. Mama alijikata, na akakaa wiki mbili kwenye kiti cha plastiki barazani bila kugusa spana. Nilimwona anavyokuwa akikaa kwenye kile kiti. Ukinibomolea banda na kulijenga kwa chaki, wewe utaona limerudi lilelile. Yeye atajua si lenyewe, na safari hii hatanyanyuka.

Nimeshasema yote. Ukikataa tena sitakulaumu.

Shamsia


Machame
Alhamisi, 23 Mei 2024

Mwanangu Shamsia,

Umesema ukweli, na mimi nitasema wangu. Magoti yangu ni mazima. Jumapili napanda kanisani kwa miguu na kushuka.

Mwaka 2011 tulihamisha jiko la mdogo wangu Basili. Tulikuwa wanaume wanane na mimi ndiye niliyetoa amri. Huku kwetu watu wakivuta kitu kizito huimba, na masikio yangu yalikuwa yameshaanza kwisha ingawa nilikuwa sijamwambia mtu. Boriti ya chini ilipasuka. Wote waliisikia, wakapiga kelele nisimamishe. Mimi niliona midomo inafunguka nikadhani wimbo umekolea, nikasema vuta. Mguu wa Basili haujakaa sawa mpaka leo. Hajanilaumu siku hata moja, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Jana nilimsomea barua yako. Akasema, "Kamba nitashika mimi." Basi tutakuja, Alhamisi ya tarehe 6 Juni, wanaume saba.

Sasa sikiliza. Muite fundi umeme akate waya mapema, usimwachie mtu wa kubahatisha. Toa vyote vizito, mashine, vyuma, makopo ya grisi. Vidogo vilivyo kwenye misumari viache, vifunge tu kwa vitambaa visitikisike. Toa kioo cha dirisha. Angalia nyigu chini ya bati. Ndani tutapiga mbao za msalaba kona hadi kona, ili banda lisijue kwamba linatembea. Tutaliinua kwa jeki kidogokidogo, kila kona kwa zamu, kisha tutalilaza juu ya migomba. Mgomba uliokatwa asubuhi hiyo una maji, kitu kinateleza juu yake bila kupigwa kishindo. Salvina atashusha ishirini. Nyuma tutaweka kabari kila shibiri moja, maana tunapanda, na asikae mtu yeyote upande wa chini, hata akiwa mwenye banda.

Siku hiyo hakuna kuimba. Mwombe mama yako akae upande wa juu, kiganja ukutani, na spana mkononi. Mimi nitashika kona nyingine. Akisikia ubao unalia, agonge mara tatu. Nitaupata mtetemo huo kwa mkono wangu. Mwambie simpi kazi hii kwa huruma. Pale uani hatakuwapo mwenye masikio kama yake, na mimi nayahitaji.

Nipimie mahali papya uniandikie.

Ebenezeri


Pasua
Jumatatu, 27 Mei 2024

Mzee wangu, shikamoo, tena shikamoo mara mbili.

Nilimsomea mama barua zako zote mbili, hata pale kwenye ile ya kwanza ulipoandika kwamba mwanamke anayenyoosha rimu ungependa kumwona. Akasema nikuandikie haya, neno kwa neno: "Mwambie nimekubali, na aje amekula, kwangu watu hawafanyi kazi na njaa lakini sipendi wanaochelewa kwa ajili ya chai."

Vipimo ni hivi. Kutoka jikoni hadi komeo la sasa ni mita kumi na sita. Nimevuta futi kutoka mlango uleule wa jikoni kwenda sehemu ya juu, nikapata mita kumi na sita kamili, nikapiga vigingi vitano, vinne vya kona na kimoja cha mlango. Hicho cha mlango nimekifunga kitambaa chekundu. Huko juu ardhi inapanda kidogo tu, si kitu. Nakuomba usitoke nje ya vigingi hata kwa kidole, hatua zake zibaki thelathini na moja.

Siku hiyo sitakuwapo. Nashona nguo kwenye duka la Mama Lata mjini, kuna sare za harusi na hakunipa ruhusa. Jirani yetu Veronika atakuwa na mama.

Shamsia


Pasua
Alhamisi, 6 Juni 2024, jioni

Mzee Ebenezeri,

Nimerudi saa kumi na mbili mkiwa mmeondoka. Mama amelala kwa uchovu, sikumwamsha. Banda limesimama zima, hilo siwezi kulikataa. Nimelizunguka na tochi, hakuna ubao uliofunguka na bati halikupinda popote.

Lakini haliko kwenye vigingi. Kigingi chenye kitambaa chekundu kimemezwa, kiko ndani chini ya sakafu. Nimevuta futi mara tatu. Kutoka jikoni ni mita kumi na nne na nusu. Nilikuandikia hata kwa kidole, na wewe umekula mita moja na nusu. Najua kwa nini. Kule mwisho ardhi ni ngumu kuvutia, jua lilikuwa limepanda, mkachoka, mkasema kipofu atajuaje.

Na Veronika ameniambia jingine. Anasema ulimtuma mama akuletee nyundo. Akaleta. Ukamrudisha nayo jikoni, ukamtuma tena. Akaleta. Ukamtuma mara ya tatu, wanaume saba wakiwa wamesimama bila kazi. Mtu asiyeona, kwenye ardhi asiyoijua, unamtuma kama kibarua. Nilidhani wewe ndiye mtu wa kwanza kumheshimu.

Umeacha agizo mlango usifunguliwe hadi kesho ili kokoto mlizotia chini ya banda zikae. Kesho ataufuata, atahesabu, na kabla hajafika thelathini na moja atajigonga usoni kwenye ukuta alioujenga mume wake. Barua hii nitampa Salvina alfajiri nikienda kazini.

Shamsia


Pasua
Jumamosi, 8 Juni 2024

Mzee wangu Ebenezeri, shikamoo.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia jana jioni. Nilirudi kutoka kazini nikiwa na dawa ya kidonda kwenye mfuko, niliinunua kabisa. Mama sikumkuta barazani. Nikasikia mlio wa spoku huko juu. Alikuwa bandani, gurudumu la mteja limefungwa mbele yake, anaimba chini kwa chini, ameshamaliza mawili.

Nikamwambia, mama, nionyeshe ulivyofika. Akaniuliza kama nimerogwa. Akarudi jikoni, akatoka, akaanza kutembea kwa mwendo wake wa siku zote, midomo inahesabu. Alipofika thelathini na moja alinyoosha mkono na komeo lilikuwa kwenye kiganja. Hakupapasa. Nilimrudisha mara mbili zaidi mpaka akasema nimwache afanye kazi. Nimevuta futi tena, bado ni kumi na nne na nusu. Sielewi umefanyaje na naona aibu kuuliza.

Kisha akanisimulia mengine. Kwamba katikati ya njia alisikia ubao wa chini unalia, sauti ndogo kama mtu anayekunja gazeti, na hakuna mwingine aliyeisikia. Akagonga. Anasema ulisema "simama" kabla hajagonga mara ya tatu. Mkainua, mkakuta mchwa wamekula boriti kwa ndani, na Basili amesimama hatua moja tu kutoka hapo na kamba yake. Mkakata kipande, mkatia kingine. Mama anasimulia hivyo akiwa ameketi wima. Miaka sita sijamwona ameketi hivyo.

Leo Salvina nimemwendea hadi kwa dada yake huko mlimani, alipolala jana baada ya kupita kwako. Aliniambia barua ameshakufikishia na kwamba uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikamwambia nitaandika nyingine ya kuomba radhi. Akanitazama akasema mzee wa Machame haombwi radhi kwa karatasi tupu. Jumanne atakuletea hii pamoja na jani la isale, mmea wa majani marefu, tulilolichuma kwenye kihamba cha dada yake. Amenifundisha kulifunga fundo kwa mkono wangu mwenyewe. Ameniambia kwenu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Najua natumia desturi ambayo si yetu, ila sina nyingine inayotosha.

Nilikuita mvivu na wewe ulikuwa unamwona mama yangu kuliko mimi.

Mwanao,
Shamsia


Machame
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mwanangu Shamsia,

Barua yako ya hasira nimeisoma. Kama ningekuwa mama yako ningetaka unitetee hivyo. Sijui kama mama yako ameshatembea. Kama bado, mwache atembee, usimshike mkono.

Futi yako ni ya kweli. Lakini uliandika kwamba ardhi inapanda kidogo tu, si kitu. Wewe ni mtu wa Pasua, umezoea tambarare. Sisi tumezaliwa kwenye kupanda. Mtu akipanda, hatua yake hufupika, hata kama mwenyewe hajui. Anayeona haimdhuru, macho yanamalizia pale mguu ulipopungukiwa. Mama yako hana cha kumalizia. Ningeliweka kwenye vigingi vyako, angehesabu thelathini na moja na kunyoosha mkono hewani, na banda liko hatua tatu mbele. Angedhani tumelipoteza.

Ndiyo maana nilimtuma nyundo. Ningemwambia atembee nimpime, angetembea kama mtu anayepimwa. Nilisimama kwenye kigingi chako chekundu nikamwita. Nyundo ya kwanza alikuja kwa wasiwasi. Ya pili alikuja kwa hasira, niliiona kwenye mabega. Ya tatu alikuwa ameshanizoea, akaja kwa mwendo wake, na hiyo ndiyo niliyoihesabu. Pale mguu wake ulipotua mara ya thelathini na moja niliweka jiwe, na komeo nikalipima kutoka kwenye jiwe hilo. Ilibidi nikuandikie siku ileile. Sina mazoea ya kujieleza nikishamaliza kazi, na hilo ni kosa langu.

Ebenezeri


Machame
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana mikononi mwa Salvina. Isale nimelipokea. Fundo umelifunga vibaya, upande wa kushoto umeenda kulia, lakini limefika na limekubaliwa. Hakuna neno kati yetu.

Nakuletea vipande vinne vya isale vyenye mizizi. Uvipande pembeni mwa njia mpya, viwili kila upande, majani yatamgusa mama yako mkono akianza kwenda kombo.

Basili tangu tumerudi anasimulia hadithi ya mchwa kila anapokaa, na kila mara boriti inazidi kuwa nene. Jana kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu alinitania juu ya mguu wake. Mwambie Mama Shamsia kwamba nilishika ukuta ule nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na mkono wake uliponigongea niliacha kuogopa.

Mmemtuma Salvina aniulize ujira wangu. Salvina amebeba gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ya maziwa. Limepinda tangu masika na mafundi wa huku wamelizidisha. Naomba anyooshe yeye mwenyewe.

Ebenezeri


Pasua
Jumatatu, 24 Juni 2024

Mzee wangu, shikamoo.

Masale yameshika. Watu wa mtaro walikuja wiki iliyopita, wakakuta pale chini ni peupe pamefagiliwa, wakamuuliza mama banda limekwenda wapi. Akawaambia limepanda mlimani. Waliongea naye yeye, si mimi, kwa sababu alitoka bandani na funguo mkononi akashuka hadi pale walipokuwa, na nadhani hawakugundua kitu.

Gurudumu lako linarudi kesho na Salvina. Limechukua siku nne, na hilo si la kawaida, gurudumu kwa mama ni kazi ya saa moja. Siku ya kwanza alilimaliza kama anavyomaliza yote, kwa kugonga na kusikiliza. Nikataka kulifunga kwenye gunia akanizuia. Akasema, "Hili limenyooka kwa masikio yangu, na mwenyewe hana masikio. Atajuaje kwamba ni zima?" Akalegeza spoku zote upya.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta bandani ameziba masikio kwa pamba. Nilimwita hakuitika. Alikuwa amefunga gurudumu lako kwenye foki, uma wa chuma unaoshika gurudumu, analizungusha kwa mkono mmoja, na kiganja cha pili amekilaza juu ya chuma, anangoja. Alifanya hivyo siku tatu. Jana alitoa pamba, akaniambia nikuandikie neno kwa neno.

"Mzee Ebenezeri. Likishafungwa, lizungushe kwa nguvu, kisha weka kiganja kwenye foki. Mwanzo utasikia mtetemo, halafu utatulia, halafu mkono wako hautakuambia chochote. Hapo ndipo lilipo sawa. Nimelipima mara nyingi kwa mkono peke yake, kama ulivyonipimia mimi."

Mwanao,
Shamsia